Moto wa juu: kisa cha vikeki vya Kireno Chake Chake

Oda ilitoka Wete, kisiwani Pemba. Bwana harusi alikuwa amekaa miaka Msumbiji akifanya biashara, kwanza Maputo, kisha katika ile Pemba nyengine, ya Cabo Delgado. Aliporudi kuoa akataka kwenye masinia ya wageni, pamoja na sambusa, katlesi na vileja, kuwe na kitu alichokizoea huko: vikeki vya Kireno. Ni kikombe kidogo cha unga wa matabaka, ndani kastadi ya maziwa na viini vya mayai, juu madoa meusi ya kuungua. Wareno wanakiita pastel de nata. Msumbiji ilikuwa chini ya Ureno hadi 1975, na mikahawa ya Maputo haikikosi asubuhi pamoja na kahawa.

Aliyepewa kazi ni mama mmoja wa upande wa Wawi, si mbali na kiwanda cha makonyo, ambaye mikate yake ya kumimina watu wa Chake Chake huiwekea oda mapema kila Ramadhani. Aliipokea oda kwa moyo mmoja. Akatafuta maelezo kwenye simu, akanunua siagi ya dukani, akaisafisha oveni yake ndogo ya gesi anayoitumia kwa keki, akaanza. Vikaharibika. Akarudia, vikaharibika tena. Ndipo aliponipigia, kwa kuwa nafundisha upishi na bintiye alipita kwangu.

"Mwalimu, vitu hivi vinanilia mayai yangu bure," aliniambia. "Njoo uvione mwenyewe, maana miye sioni kosa liko wapi."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa namna yake nimekutana nayo mara nyingi, ijapokuwa si kwa vikeki hivi. Mpishi hodari wa kwetu akishika chakula cha nchi nyengine, huweka pembeni kila anachokijua na kujifanya ndiyo kwanza anaingia jikoni. Mimi naona hasara huanzia hapo. Na hapa ilijionesha wazi kuliko popote nilipowahi kuiona.

Hali niliyoikuta

Vikeki vilikuwa kwenye sinia, vimefunikwa kawa. Nilikitoa kimoja kwenye kibati chake nikakipindua. Chini unga ulikuwa mweupe, umelowa, ukiubana kwa vidole unavutika. Pembeni matabaka hayakuonekana. Siagi ilikuwa imeshatiririka ikajaa kibatini, na kingo zilikuwa zimekaangika badala ya kuokwa. Juu palikuwa na rangi ya manjano iliyopauka, bila doa hata moja, na utando uliojikunja. Nilipoonja, kastadi ilikuwa na vibonge vya yai na chenga za sukari zinazosikika menoni.

Yeye alikuwa ameshazipa dalili zote hizo sababu moja, kwamba maelezo ya kwenye simu ni ya uongo. Niliyasoma yote. Yalikuwa sahihi na yanafanana na yale yanayofuatwa na wengi: viini sita vya mayai, maziwa mililita 300, sukari gramu 265, maji mililita 160, vijiko vitatu vya unga wa ngano, kijiti cha mdalasini na ganda la limau. Sukari na maji huchemshwa na mdalasini na limau kuwa shira. Unga hukorogwa na maziwa yaliyopashwa moto. Shira humiminwa humo ikiwa ya moto. Viini huingia mwisho, mchanganyiko ukishapoa kidogo. Mkono wake kwenye vipimo nauamini kuliko wa wanafunzi wangu wengi. Ila mwisho wa maelezo palikuwa na mstari alioupita mbio: oveni iwe nyuzi 290.

Niliweka kipimajoto ndani ya oveni yake ya gesi, tukaifungulia mpaka mwisho, tukangoja. Sindano ilisimama karibu na 200 ikakataa kupanda. Halafu nikamwomba ainame atazame ndani: moto wote unatoka chini. Juu hakuna kitu ila bati la kawaida.

Kwa keki hiyo si kasoro. Keki inataka joto la kiasi na subira. Kikeki cha Kireno kinataka kinyume chake, na sababu zake zinafahamika. Kastadi ni majimaji, na imemiminwa juu ya unga mbichi. Chini pasipokauka haraka, maji ya kastadi yanaingia kwenye unga kabla haujashika. Mafuta nayo yakiyeyuka taratibu, yanatoka kwenye matabaka kabla unga haujapata nguvu ya kuyazuia. Na juu, uso wenye maji hauwezi kupita nyuzi 100 mpaka kwanza ukauke. Rangi ya hudhurungi huanza kwenye nyuzi 140 hivi, protini za yai na maziwa zinapokutana na sukari, na sukari yenyewe huanza kuungua ikipita 160. Kwa hiyo uso unatakiwa ukauke na uungue haraka, huku ndani viini vikiwa bado laini. Moto wa kupapasa hauwezi kazi hiyo. Unawapa viini muda wa kukaza na kutoa maji, nayo maji yanashuka chini kuulowesha unga zaidi.

Basi kati ya dalili zile, chini kubichi, siagi kutiririka na uso kukosa madoa zilitoka mahali pamoja. Chenga za sukari na vibonge vilikuwa na habari yao, nitaifikia.

Mkate uliokuwa uani

Wakati tunaijadili oveni, mkate wa kumimina wa jioni ulikuwa uani. Sufuria juu ya seredani, makaa machache chini, mfuniko wa bati la chuma, na juu ya mfuniko makaa mekundu yamepaliwa yakajaa. Harufu ya tui na iliki ilikuwa imeshafika barabarani.

"Mama," nilimuuliza, "kwa nini mkate huu huuoki kwenye oveni?"

"Ah, ukiutia kwenye oveni hautoki na uso. Huu wataka moto wa juu."

"Na hivi vya Wareno?"

"Hivyo si vya kizungu? Vimeandikiwa oveni."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa kizima. Alikuwa anajua kwa mikono yake, kwa miaka, jambo ambalo maelezo ya simu yalikuwa yanamwambia kwa tarakimu. Lakini lile neno oveni lilimfanya aone kwamba seredani haina nafasi katika chakula hiki. Makaa mekundu yana joto la zaidi ya nyuzi 600. Mfuniko uliopaliwa makaa hayo unashusha moto mkali moja kwa moja juu ya chakula, jambo ambalo oveni yake ya gesi haikuumbwa kulifanya. Oveni za maduka ya Lisbon zinaoka kwa moto mkali sana, lakini nyumbani, hata huko Ureno, oveni nyingi zinaishia nyuzi 250, na wengi wanalalamika kwamba vikeki vyao havipati madoa. Mama huyu alikuwa na kifaa kinachowazidi, kimekaa uani kikisubiri mkate uive.

Mama mkwe wake, bibi wa makamo ya kuheshimika aliyekuwa ameketi barazani akisuka ukindu, hakuridhika. "Mwanangu, watu wameandika oveni, nyinyi mwapeleka kwenye seredani. Kitaitwaje cha Kireno tena?"

Nilimjibu kwa habari ya Goa, na naieleza hapa kwa sababu ina uzito. Wareno waliishika Goa kuanzia 1510 hadi 1961, na katika muda huo wenyeji walijipikia vitamu vya Kireno kwa vitu walivyokuwa navyo. Mashuhuri kuliko vyote ni bebinca: viini vingi vya mayai, sukari, unga kidogo na tui la nazi badala ya maziwa ya ng'ombe, inaokwa tabaka moja baada ya jengine, kila tabaka likipakwa samli. Na kwa asili haiokwi kwenye oveni. Inafunikwa na kupaliwa makaa ya makumbi ya nazi juu, kila tabaka lipate rangi kabla ya kumimina linalofuata. Wagoa waliokuja Unguja, wakawa makarani, washoni, wapiga picha na wapishi, walitoka katika desturi hiyo. Kwa hiyo tui, samli na kupalia makaa vimo katika vitamu vyenye asili ya Kireno tangu zamani, na watu waliovifanya ni majirani zetu wa bahari hii hii. Bibi alisikiliza, akasema, "Haya, palieni basi, tuone."

Seredani nayo ilikuwa na lake

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa si kweli kwamba tulihamisha vikeki kwenye makaa mambo yakaisha.

Vya kwanza vilitoka na madoa. Meusi, yametapakaa, kastadi imeumuka ikashuka vizuri. Mama alifurahi mpaka akamwita bintiye aje kuona. Lakini tulipovitoa, unga ulikuwa laini. Haukulowa kama mwanzo, ila ulikuwa laini wa mkate, si wa kuvunjika. Tukatafuta sababu, nayo ilikuwa mvuke. Mkate wa kumimina unapenda mvuke. Sufuria imefunikwa kabisa, unyevu wa tui unazunguka ndani, na mkate unakuwa na matundu na ulaini wake. Unga wa matabaka unataka hewa kavu. Ukiubana ndani ya sufuria pamoja na vikombe vya kastadi vinavyochemka, mvuke hauna pa kutokea, unarudi kwenye unga.

Aliyepata dawa ni yeye. Alichukua vijiwe vitatu vidogo, akavipanga kwenye ukingo wa sufuria, akaukalisha mfuniko juu yake. Ukabaki uwazi mwembamba pande zote. Mvuke ukatoka hapo, ukaonekana kabisa ukipumua pembeni, na moto wa juu haukupungua kwa sababu makaa yamo mfunikoni. Nilipotia kipimajoto, kinachoishia nyuzi 300, sindano ilifika mwisho wake.

Na chini tulibadilisha mengine. Kwanza, sinia la chuma la kukalishia vibati lilitangulizwa tupu ndani ya sufuria mpaka likawa moto wa kuogopwa, ndipo vibati vikawekwa juu yake kwa koleo. Unga ukaanza kukauka pale pale ulipogusa. Pili, sinia liliinuliwa kwa mchanga mkavu chini yake, midomo ya vikeki ikabaki vidole viwili tu kutoka mfunikoni. Tatu, hakuvijaza. Robo ya juu ya kikombe iliachwa wazi, kwa kuwa kastadi huumuka kabla ya kutua, na ikimwagika huganda kati ya unga na bati.

Baada ya hapo unga ulivunjika kwa mlio. Nilikigeuza kimoja juu chini nikagonga kitako chake kwa ukucha, kikaitika kwa ukavu. Kwa sauti ile niliamini kazi imekamatika.

Shira

Ujuzi wake wa moto ulimwokoa. Ujuzi wake wa shira ulikuwa umemponza, na ni haki kuyasema yote mawili. Anapika visheti na kaimati. Shira ya visheti anaichemsha mpaka inene, ikivutwa kati ya kidole gumba na cha shahada itoe uzi, kwa sababu anataka sukari igande na kuvivisha visheti ganda jeupe. Mkono wake umezoea kuishusha sufuria hapo. Kwenye kastadi, shira iliyofika hapo ikikutana na maziwa hujikusanya, na ikipoa hurudi kuwa chenga. Zile zilizosikika menoni ndizo hizo.

Shira ya vikeki hivi inashushwa mapema, kwenye nyuzi 104 hivi, wala haikorogwi inapochemka. Kwa vidole, inanata kidogo tu bila kutoa uzi. Tulikubaliana asiangalie uzi kabisa, asikilize mchemko: mapovu makubwa ya maji yanapoanza kuwa madogo na mazito, anashusha. Alilishika hilo mara moja. Vibonge vya yai navyo vilikuwa jambo dogo, alikuwa anatia viini mchanganyiko ungali unafuka moshi. Unga uliomo ndani ya kastadi huvilinda viini visikatike hata ikichemka kwenye oveni, lakini haumlindi mtu anayevimimina kwenye sufuria ya moto bila kukoroga.

Samli, siagi, maziwa, tui

Hapa ndipo palipokuwa na mabishano mazuri, na mimi nina upande.

Unga wa kikeki hiki unatengenezwa kwa kutandaza mafuta magumu juu ya unga uliosukumwa, kuukunja, kuusukuma tena, kurudia, kisha kuuviringisha mkeka mkeka mpaka uwe gogo jembamba. Gogo linakatwa vipande, kila kipande kinasimamishwa kibatini kwa upande uliokatwa, mizunguko ikitazama juu, na kinasukumwa kwa kidole gumba kilicholoweshwa maji: katikati kwanza, kisha ukipandisha kuta, chini pabaki pembamba kuliko pembeni. Mtu anayepika chapati za kusukuma, akapaka samli, akaviringisha na kuzungusha, ameshafanya nusu ya kazi hii maisha yake yote. Mama huyu hakuhitaji kufundishwa kukunja. Vidole vyake vilipandisha kuta za unga kwa haraka kunishinda.

Tofauti ni kwamba chapati inataka samli iliyoyeyuka na kikeki kinataka mafuta yaliyoganda. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na huwa imeshalegea kabla ya hapo. Mchana wa Pemba jikoni ni huo huo. Siagi yake ilikuwa inaingia ndani ya unga wakati anasukuma, na matabaka yakawa kitu kimoja. Majarini ingestahimili joto, na wengi wanaitumia kwa sababu hiyo, lakini mimi siipendi hapa. Inaacha utando kwenye kaakaa unaofunika ladha ya viini na mdalasini, na mtu akishakula kikeki kimoja hataki cha pili.

Tulichofanya ni kuchanganya siagi na samli, tukakanda pamoja na unga kidogo mpaka ikawa donge la kushikika, tukaliweka kwenye friji. Unga ule mdogo unayashika mafuta yasikimbie. Samli peke yake haikufaa, kwa sababu haina maji. Siagi ina maji kama asilimia 16 hivi, na maji hayo yakigeuka mvuke ndani ya unga yanasaidia kuyainua matabaka. Na saa ya kazi ilihamishwa. Alisukuma baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaingia uani, na kila baada ya mkunjo mmoja unga ulirudi kwenye friji. Umeme ukikatika asubuhi hiyo, kazi haianzi. Hilo aliliamua mwenyewe na naona ni sahihi. Unga uliolegea nusu njia hauokoleki.

Kuhusu maziwa, yeye alitaka tui. Bwana harusi alitaka ladha ya Maputo. Tulifanya zote. Kastadi ya tui zito la kwanza ilikuwa nzuri mdomoni, nzito, yenye harufu, ila haikupata madoa kama ya maziwa, kwa kuwa tui lina protini chache na sukari yake ya asili ni ndogo. Pia tui likipata moto mkali bila unga wa kutosha linakatika, mafuta yanaelea juu. Tuliongeza unga kijiko kimoja, tukalichanganya tui nusu kwa nusu na maziwa ya ng'ombe. Madoa yakarudi. Nikiambiwa nichague, nachukua huu mchanganyiko, na si kwa ajili ya uzalendo wa nazi: mdalasini wa Pemba, mbichi bado na wenye ukali wake, ukikaa kwenye maziwa matupu unatawala kila kitu. Tui linaupa pa kuegemea.

Ute, mafuta ya nguruwe, na maneno ya kwenye kadi

Viini vikitumika, ute unabaki bakuli zima. Huko Ureno mambo yalianza kinyume. Inaelezwa kwamba watawa katika nyumba zao walitumia ute kutia ugumu nguo zao, na watengeneza mvinyo waliutumia kusafishia mvinyo, vikabaki viini vingi. Sukari ya Madeira na baadaye ya Brazil ilipopatikana kwa wingi, viini na sukari vikawa vitamu. Serikali ilipozifunga nyumba za watawa mwaka 1834, ujuzi ukatoka nje, na mwaka 1837 duka la Belém, karibu na monasteri ya Jerónimos mjini Lisbon, likaanza kuviuza. Kwetu ute haukusumbua hata kidogo. Mkate wa kumimina unatiwa ute uliopigwa kabla ya kupaliwa, nao ndio unaoupa uso wake. Siku za kuoka vikeki vya Kireno, mama alioka mikate zaidi, na hesabu ya mayai iliyokuwa inamtisha ikapungua makali.

Jambo la uhalali lilihitaji jicho. Vitamu vya kale vya Kireno vingine vina mafuta ya nguruwe ndani ya unga, na vingine hutiwa mvinyo. Maelezo yake hayakuwa nayo, lakini yalitaja matone ya vanila, na vanila nyingi ya chupa imetengenezwa kwa kileo. Aliiacha kabisa. Mdalasini na ganda la limau vinatosha, na kusema kweli vanila ilikuwa ya ziada.

Kulikuwa pia na jamaa wa bwana harusi aliyetaka kuandika kadi ya mezani kwamba vikeki hivi ni urithi Wareno waliouachia Pemba. Nilimkatalia, kwa heshima. Wareno walianza kututoza kodi visiwani mwaka 1503, na nguvu yao pwani hii ilivunjika Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipochukuliwa na Waomani mwaka 1698. Vikeki hivi viliingia dukani Lisbon zaidi ya miaka mia baadaye. Ikiwa mtu anatafuta alama ya Wareno mezani, atazame muhogo, mahindi, mapera na mabibo, mazao ya Amerika yaliyosambazwa na safari zao, na mchezo wa ng'ombe ambao watu wa Pemba huunasibisha nao. Vikeki hivi vimekuja Pemba na mtoto wa Wete aliyerudi kutoka Msumbiji. Habari hiyo inatosha kwa kadi, na ni ya kweli. Ndivyo ilivyoandikwa.

Siku yenyewe

Swali la mwisho lilikuwa safari. Chake Chake na Wete zimepishana kama kilomita 30, na hewa ya Pemba ina unyevu mwingi. Kikeki kilichotoka kwenye makaa asubuhi, adhuhuri kimeshalegea. Niliona vyema tuoke alfajiri na kuvifunika. Mama alikataa, na ninafurahi kwamba alikataa. Alibeba unga ukiwa tayari umeshabandikwa vibatini, ndani ya kibaridi chenye barafu, na kastadi kwenye madumu madogo safi. Kule Wete uani kulikuwa na majiko ya pilau na makaa ya kutosha. Alijitengea kona, akaomba sufuria mbili nene, akapanga vijiwe vyake ukingoni, akaanza kupalia wakati wageni wanaingia.

Vilitoka kwa mafungu, kila fungu dakika kumi na mbili hivi. Vichache vya fungu la kwanza viliungua mno kwa sababu makaa ya pilau yalikuwa makubwa kuliko aliyoyazoea; aliyavunja kwa koleo na mafungu yaliyofuata yakakaa sawa. Bwana harusi alikula vya maziwa, akasema matabaka ni machache kuliko ya Maputo lakini mdomoni ni vyenyewe. Wazee waliomaliza masinia walichagua vya tui. Mama mkwe alipelekewa kimoja barazani, akakila chote, akauliza kama kimebaki chengine.

Sasa anavipokea kwa oda tu, na kwa sharti moja: anaoka yeye, mahali vitakapoliwa. Hapeleki vilivyokwisha kuokwa. Kinachomshughulisha hivi sasa ni gharama ya makaa, maana moto wa juu unayala mengi, na amekuwa akijaribu vifuu vya nazi juu ya bati badala yake. Vifuu vinawaka kwa ukali zaidi, lakini vinatoa moshi mwanzoni na vinakwisha upesi, kwa hiyo anaviwasha pembeni mpaka moshi uishe, ndipo anapalia. Kwa vikeki muda huo mfupi unatosha. Kwa mkate wa kumimina hautoshi, na huo ameuacha kwenye makaa.